Kuvunja sulfamethoksazoli kwa makaa ya vifuu vya nazi

Kidonge cha kawaida cha Septrin kina mg 400 za sulfamethoksazoli, dawa ya kuua bakteria. Sehemu yake hutoka na mkojo ikiwa nzima, na mabwawa ya maji taka hayaimalizi. Makaa yaliyotiwa nitrojeni yanaweza kuivunja yakiongezewa chumvi ya peroksimonosalfeti, kioksidishaji kikali. Haya ni maelekezo ya maabara.

Makaa

Kwangua makumbi yote, vunja vifuu, uvichome kwa 500 °C saa 1 ndani ya nitrojeni. Saga, chekecha kwa mikromita 150. Makaa ya vitofali ya dukani yaache. Yana udongo au wanga wa kugandishia. Loweka unga usiku kucha katika asidi hidrokloriki 1 M (moli 1 kwa lita), kwa sababu chuma cha kwenye majivu nacho huamsha peroksimonosalfeti na sifa itaenda kwa kaboni bure. Suuza hadi pH ikaribie 7, kausha kwa 105 °C.

Saga 1 g ya unga huo na 2 g za urea, ndiyo inayotia nitrojeni. Jaza chungu cha kauri theluthi tu: urea huyeyuka kwenye 133 °C, hutoa povu na kumwagika. Pandisha joto 5 °C kwa dakika hadi 800 °C, subiri saa 2. Moshi una amonia, hivyo upitishe kwenye maji yenye asidi, na katikati weka chupa tupu. Tanuru likipoa hunyonya maji kurudi ndani. Huna mtungi wa nitrojeni? Funika chungu, kizike katika chungu kikubwa kilichojaa unga wa makaa. Karatasi ya alumini haifai, huyeyuka kwenye 660 °C. Unga ukiwa na kingo za kijivu, hewa imeingia.

Jaribio

Vaa miwani na glavu. Katika mL 200 za maji yenye dawa (mg 10 kwa lita) tia mg 20 za makaa, koroga dakika 30, chukua sampuli. Ndipo utie mg 61 za Oxone (jina la kibiashara la chumvi ya peroksimonosalfeti), sawa na 1 mM (milimoli 1 kwa lita) ya peroksimonosalfeti. pH itashuka karibu na 3. Irudishe 7 kwa sodiamu hidroksidi, la sivyo utakuwa unapima maji ambayo hayapo bwawani.

Kila sampuli ya mL 1 iangukie kwenye mL 0.1 za tiosalfeti ya sodiamu 0.1 M, mmenyuko ufe papo hapo. Chuja kwa kichujio cha plastiki ya PVDF cha mikromita 0.22, pima kwa HPLC (mashine inayotenganisha kemikali kabla ya kuzipima) kwenye nanomita 270, zidisha jibu kwa 1.1. Spektrofotometa pekee hudanganya: vipande vya dawa hufyonza mwanga uleule.

Dawa kutoweka si dawa kuvunjika, na hapa ndipo ripoti nyingi huanguka. Endesha pia makaa bila chumvi, na chumvi bila makaa, maana chumvi peke yake huila dawa hii taratibu. Mwishoni loweka makaa katika methanoli uipime. Dawa iliyotoka humo ilikuwa imenata tu kwenye makaa.

Maji halisi

Maji ya chumvichumvi ya pwani huleta matokeo mazuri ya kushuku: kloridi hugeuka klorini, dawa hushuka haraka, na misombo yenye klorini huzaliwa. Pima kaboni ogania yote kabla ya kushangilia. Makaa yakirudiwa huchoka kwa kuwa uso wake umeoksidika. Kuyachoma tena ndani ya nitrojeni hurudisha sehemu ya nguvu. Kipimo hiki cha chumvi huacha pia mg 190 hivi za salfeti katika kila lita, kwa hiyo punguza chumvi kwanza kabla ya kuongeza makaa.