Losheni ya rangi na meikapu ya jioni: jinsi ya kujiandaa nyumbani bila mabaka

Meikapu ya jioni inayopasuka usoni, au miguu yenye michirizi ya rangi ya chungwa, mara nyingi huwa imeharibika siku mbili kabla, pale ngozi ilipoachwa kavu na kazi yote ikasubiri saa ya mwisho. Kwa hiyo ratiba kwanza. Kama shughuli ni Jumamosi usiku, nyoa na sugua mwili Jumatano jioni, paka losheni ya rangi, ile inayoitia ngozi kahawia bila jua, Alhamisi usiku, oga Ijumaa asubuhi. Jumamosi rangi itakuwa imeshakolea, harufu imekwisha, na utakuwa umepata siku nzima ya kurekebisha penye kasoro. Ukipaka asubuhi ya siku yenyewe, utaingia ukumbini rangi ikiendelea kukolea na kuchafua kola ya nguo.

Losheni hizi hutegemea sukari moja inayoandikwa kwenye orodha ya viambato kama Dihydroxyacetone, au DHA kwa kifupi. Haipenyi ndani wala haiamshi melanini, yaani rangi ya asili ya ngozi. Inakutana na asidi amino zilizomo kwenye seli zilizokufa za tabaka la juu kabisa la ngozi, na zinapoungana hutoa rangi ya kahawia, kwa mmenyuko ule ule unaoupa mkate ukoko wake. Katika miaka ya 1950, mtafiti Eva Wittgenstein wa Cincinnati, Marekani, aliwapa watoto wagonjwa sukari hii kwa mdomo akaona matone yaliyodondokea ngozini yanageuka kahawia, na hapo ndipo matumizi yake ya urembo yalipoanzia.

Ukishaelewa hilo, kasoro zote zinajieleza. Penye seli nyingi zilizokufa, yaani viwiko, magoti, visigino na viungo vya vidole, rangi hushika kupita kiasi. Ngozi inapobanduka yenyewe, rangi huondoka nayo, ndiyo maana hudumu siku 5 hadi 7 tu, na usoni pungufu ya hapo. Na kwa kuwa melanini haikuguswa, rangi hiyo haikukingi na jua. Losheni ya kukinga jua bado unaihitaji mchana, na kwa saa 24 za kwanza baada ya kupaka ni vizuri ukae mbali na jua kali kabisa.

Ngozi nyeusi haina haja ya losheni hii ili ipate rangi, lakini inaweza kuitumia kusawazisha: alama ya soksi, mikono iliyochomwa na jua kuliko mabega, au mabaka ya mbalanga, ambayo DHA huyatia rangi kwa sababu haitegemei melanini. Kama unachotaka ni miguu na mabega yanayovutia mwanga tu, achana na DHA. Mafuta ya mwili yenye chembe za kung'aa yatatosha: yapake kwenye mtulinga, juu ya bega, na mstari mmoja mbele ya muundi, kisha usambaze kwa kiganja kwenda pembeni. Ukipaka mguu mzima utaonekana umeloa.

Kupaka losheni yenyewe

Jaribu kwanza. Paka tone moja ndani ya mkono, karibu na kiwiko, siku mbili kabla ya kazi kubwa. Ukiona vipele, muwasho au wekundu, usiendelee. Jaribio hilo pia litakuonyesha rangi halisi itakavyokuwa kwako, maana kivuli kinachoonekana unapopaka ni rangi ya muongozo tu, inayoondoka na maji.

Unaponyoa, fanya hivyo saa 24 kabla. Vinyweleo vilivyotoka kukatwa huacha vitundu wazi, losheni ikiingia humo utapata vidoa vidogo vyeusi mguu mzima. Sugua kwa kitambaa kigumu au skrabu isiyo na mafuta, kwa sababu mafuta yakibaki ngozini huizuia DHA kushika. Siku ya kupaka usitie manukato, diodoranti wala losheni ya kawaida mwilini, isipokuwa kwenye zile sehemu kavu: viwiko, magoti, vifundo vya miguu, visigino na viungo vya vidole. Hapo weka losheni nyepesi ya kulainisha, tabaka jembamba, muda mfupi kabla ya kuanza. Nyusi na mstari wa nywele vizungushie mafuta mazito ya mgando, hasa kama nywele zako ni za rangi hafifu au zimepaushwa.

Vaa glavu ya kupakia. Anzia chini kwenda juu, ili usilazimike kuinama na kukunja tumbo lililokwisha kupakwa. Kijiko kimoja cha chai cha losheni hutosha kutoka goti hadi kifundo kwa mtu wa wastani. Izungushe losheni kwa miduara mipana, haraka, ukimaliza sehemu moja kabla ya kugusa nyingine. Michirizi hutokea pale unaporudi juu ya sehemu iliyoanza kukauka. Kwenye magoti na viwiko usiongeze losheni mpya, pitisha mabaki ya kwenye glavu, tena viungo vikiwa vimekunjwa ili rangi isikose kwenye mikunjo. Mikono huja mwisho: mgongo wa kiganja kwa mabaki tu, vidole vikunjwe kidogo. Kisha osha viganja, katikati ya vidole na pembezoni mwa kucha kwa sabuni, papo hapo. Viganja vya rangi ya chungwa humuumbua mtu kabla hajasema lolote.

Usoni changanya matone 2 au 3 ya losheni ya rangi na kiasi cha kawaida cha krimu yako, na uepuke macho, midomo na matundu ya pua. Ukitumia ya kupuliza, shika pumzi na ufumbe macho, au bora zaidi, pulizia kwenye glavu. DHA ni ya kupakwa juu ya ngozi, si ya kuvutwa hewani.

Baada ya dakika 10 hadi 15 vaa nguo pana, nyeusi, usizozijali sana. Kwa saa 6 hadi 8 usiguse maji, usifanye kazi ya kutoa jasho, na usilale mkono ukiwa chini ya shavu. Asubuhi suuza kwa maji ya vuguvugu bila sabuni mpaka yatoke safi. Tangu hapo lainisha ngozi kila siku na ujikaushe kwa kupapasa taulo badala ya kufikicha. Krimu zenye retinoli au asidi za kubandua ngozi ziweke kando, la sivyo rangi itafifia kwa mabaka.

Ikiwa imekosewa, usikimbilie limau wala dawa za kuchubua. Paka mafuta mengi mahali palipokolea, yaache dakika 15, halafu sugua taratibu kwa kitambaa cha maji ya moto kiasi. Rudia jioni. Rangi haifutiki yote, lakini mpaka mkali kati ya rangi mbili hulainika, na huo mpaka ndio unaovuta macho ya watu.

Uso wa jioni

Usichague faundesheni kabla losheni ya rangi haijakolea. Hapa ndipo wengi hupata uso wa rangi moja na kifua cha nyingine. Ijumaa, karibu na dirisha mchana, chora mistari mitatu ya rangi zinazokaribiana kutoka taya kushuka shingoni. Subiri dakika 10, kwa kuwa faundesheni nyingi huwa nyeusi kidogo zikikutana na hewa na mafuta ya ngozi. Unaopotea kabisa ndio wako. Uso na shingo vikitofautiana, fuata shingo na kifua, kwani jioni ndivyo vilivyo wazi.

Osha uso, paka krimu, kisha usiguse kitu kwa dakika 5 hadi 10. Dakika hizi huokoa meikapu nzima. Krimu ambayo haijatulia huifanya faundesheni ijiviringe vipande vidogo kama uchafu wa kifutio. Jambo hilo hilo hutokea praima (krimu ya kutanguliza chini ya faundesheni) ya silikoni ikikutana na faundesheni ya maji, kwa hiyo chagua zinazoendana: soma viambato vya mwanzo kwenye chupa zote mbili. Kama hutapigwa na jua tena siku hiyo, acha losheni ya kukinga jua yenye zinki au titani. Hizo hurudisha mwanga wa flashi ya kamera na uso ukatoka mweupe pichani.

Kama utaweka rangi nyeusi au ya kung'aa kwenye macho, anza na macho kabla ya faundesheni. Unga utadondoka mashavuni, na kuufuta juu ya ngozi tupu ni sekunde moja tu. Paka konsila, krimu nzito ya kufichia kasoro, kidogo juu ya jicho, iguse na poda, kisha weka rangi ya kati kwenye mkunjo kwa brashi laini, ukienda mbele na nyuma kama kifutio cha kioo. Rangi iliyokolea zaidi iwe theluthi ya nje tu. Ya kung'aa ibonyeze katikati kwa kidole, usiifagie kwa brashi, utaimwaga. Taa za manjano za ukumbini humeza rangi za chungwa na kahawia hafifu, basi kinachoonekana kimezidi kidogo mchana, usiku hukaa sawa. Lakini kizidi kwenye macho au kwenye midomo, usizidishe vyote viwili kwa mpigo.

Wanja uchore kwa vipande vifupi vinavyogusana, karibu na mizizi ya kope. Mkono ukitetemeka egemeza kiwiko mezani. Kuwa mwangalifu na wanja wa unga usio na orodha ya viambato: baadhi ya wanja za asili hutengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Kope za bandia zipime kwanza juu ya jicho zikiwa hazina gundi. Zikizidi, kata upande wa nje. Ukikata wa ndani utaondoa zile fupi zinazofanya kope zionekane za asili. Paka gundi mstari mwembamba, subiri sekunde 30 mpaka iwe nzito ya kunata, kisha bandika katikati, halafu pembe mbili. Gundi mbichi huteleza, na ndiyo inayowafanya watu wadhani kope zao ni mbovu.

Sasa faundesheni. Matone mawili ya ukubwa wa njegere yanatosha uso mzima. Anzia katikati kwenda nje, kwa sponji iliyoloweshwa na kukamuliwa sana, ukigonga, usiburute. Weusi chini ya macho hautaondoka kwa kuongeza konsila nyeupe. Utageuka kijivu. Kwenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, tanguliza tabaka jembamba la rangi ya chungwa pale penye weusi tu, kisha konsila ya rangi yako au nyepesi kidogo. Kwenye ngozi nyeupe, tumia ya pichi badala ya chungwa. Iache konsila itulie dakika moja kabla ya kuisambaza, itaziba vizuri zaidi ikiwa imeanza kukauka.

Poda weka kidogo, paji la uso, pembeni mwa pua, kidevu na chini ya macho. Poda nyeupe tupu ya silika haionekani kwenye kioo, lakini hung'aa kama chokaa kwenye flashi. Wenye ngozi nyeusi watafute yenye rangi yao, au ya manjano kwa chini ya macho. Kabla ya kutoka, jipige picha yenye flashi chumba kikiwa na giza. Kasoro ya poda ikionekana hapo, sponji yenye unyevu kidogo huiondoa kwa kugongagonga.

Blasha ipande kuelekea sikioni, si chini ya mstari wa tundu la pua. Midomo ichorwe kwa penseli na kujazwa yote kwa penseli hiyo hiyo, ndipo lipstiki ifuate. Bana tishu kati ya midomo, paka tena. Tabaka mbili nyembamba zilizobanwa hudumu kuliko moja nene, hata ukila. Chakula chenye mafuta kitaiondoa lipstiki katikati ya mdomo, na hapo penseli ya chini ndiyo inayokustiri.

Ukutanapo na jasho katikati ya shughuli, bonyeza tishu kwanza. Poda juu ya mafuta mabichi hutengeneza tope kwenye mikunjo ya pua.

Usilale na meikapu, hata ukirudi alfajiri. Loweka pamba kwa kiondoa meikapu chenye mafuta, iache juu ya jicho sekunde 30, kisha vuta kushuka chini bila kufikicha. Uso usugue kwa mafuta ya kusafishia kwa dakika moja, suuza, ndipo utumie sabuni ya uso. Mafuta hayo yataondoa pia sehemu ya losheni ya rangi usoni, kwa hiyo ukiwa na shughuli ya pili kesho yake, changanya tone moja kwenye krimu ya usiku. Sponji ioshe usiku huo huo na uianike penye hewa, na maskara iliyofunguliwa miezi mitatu iliyopita itupe, hata kama imebaki nusu.