SOMO: Majina ya mafaili yanayogoma kukopika kwenye flashi

Wakuu, wiki hii tu nimeletewa flashi tatu hapa Ngarenaro, Arusha na tatizo ni lilelile, kwahiyo naandika mara moja basi. Linux inakataa vitu viwili tu kwenye jina, mkwaju / na baiti ya sifuri (NUL, sio tarakimu 0). FAT32 (mfumo wa kuhifadhi mafaili ulioko kwenye flashi nyingi) na Windows hazitaki hata : ? * " < > | \ ndo maana inagoma.

1. Bakap kwanza.
2. `sudo apt install rename` (hii ni kwa Ubuntu na Debian)
3. Ingia kwenye folda, piga `ls -b`, uone jina lilivyo kweli.
4. `rename -n 's/[:?*"<>|\\]/_/g' ./*`

Hiyo -n inaonyesha tu, haigusi kitu. Ukiridhika ndo unaitoa. Msiruke hapa, mimi niliruka. Ilikuwa kazi ya sendofu, dogo wangu aliandika "Mjomba.jpg" na nyingine "Mjomba?.jpg" maana hakuwa na uhakika ni mjomba yupi, mimi nikapiga lupu ya mv (amri ya kuhamisha faili au kulibadili jina) inayofuta alama ya kuuliza, majina yakawa sawa, mv ikalalia ya kwanza kimyaaa bila kuuliza. Mjomba mmoja akapotea na bakap sina, pesa ya mteja nikarudisha nusu. Ukilazimika kutumia mv weka `mv -n`. Hiyo rename yenyewe inagoma jina likiwa lipo tayari, ila ukiweka -f (lazimisha) umejitakia.

5. Mafolda: `find . -depth -name '*:*' -execdir rename -n 's/:/_/g' {} \;`
Bila -depth itabadili folda la juu kwanza halafu ya ndani iyatafute kwa njia ya zamani, haiyapati.

Mdau: nimepesti namba 4 haijabadilisha kitu
— Umetoa -n?
Mdau: aah kumbe
— Soma basi.

Mwana Moshi: mi niko Fedora, inaleta makosa
— Hiyo rename ya Fedora ni nyingine, haielewi s///. Install prename, amri nayo iite prename.

Dada Sakina: samahani kaka, nina faili linaanza na kistari, rm inadhani ni opsheni. Na kwanini umeandika ./* badala ya * tu?
— Umejijibu dada angu, swali zuri hilo. Ukianza na ./ kistari hakiko mbele tena. Kwa moja moja: `rm ./-bajeti.odt`
Dada Sakina: asante. Tarehe je, huwa naandika 9:3:2024
— Andika 2024-03-09, zitajipanga zenyewe na hazina nukta pacha.

Mdau: nimetoa -n sasa inasema not renamed
— Jina lipo tayari. Rudi kwa mjomba.