Kupanga Saa za Kuruka Afrika Kusini Kabla ya Kozi ya Rubani wa Biashara

Rubani wa Kenya au Tanzania mwenye leseni ya rubani binafsi, anapofikiria kwenda Afrika Kusini kukusanya saa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza bei ya kukodi ndege ndogo kama Cessna. Swali hilo lina nafasi yake, lakini logibuku, yaani daftari la saa zako za kuruka, ndiyo inayotangulia. Viwango vya chini vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) kwa leseni ya biashara ni saa 200, au 150 kwa aliyesoma kozi ya mfululizo iliyoidhinishwa, na katika zile 200 lazima 100 ziwe za rubani kiongozi, yaani saa ambazo dhamana ya ndege iko mikononi mwako. Humo zimo saa 20 za safari za masafa, yaani za kutoka uwanja mmoja hadi mwingine, pamoja na safari moja isiyopungua kilomita 540 ambayo unatua na kusimama kabisa katika viwanja viwili tofauti.

Tuseme una saa 55, na kati ya hizo 12 tu uliruka peke yako. Kozi ya biashara itakuongezea saa kadhaa za kuruka na mwalimu, kwa hiyo unachokwenda kutafuta ni zile 88 za uongozi zilizobaki. Safari za kukaguliwa na mwalimu wa huko kabla hujakabidhiwa ndege huingia katika jumla ya saa zako tu, si katika zile 88. Ziwekee bajeti ya pembeni.

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha. Marafiki wawili hugawana ndege moja, kila mmoja akaandika saa zote kuwa zake. Marekani ipo kanuni ya rubani wa usalama inayowaruhusu wawili kuandika muda uleule mmoja anapojizuia kuona nje ili afanye mazoezi ya kuruka kwa kutazama vyombo tu, huku mwenzake akiangalia nje, lakini usidhani mamlaka nyingine zitazikubali saa hizo. Iandikie mamlaka yako ya usafiri wa anga, KCAA ya Kenya au TCAA ya Tanzania, ueleze aina ya ndege na namna utakavyoruka, kisha uhifadhi jibu lake. Kabla ya hayo yote, pima afya ya daraja la kwanza, kwa kuwa saa 88 hazimsaidii mtu ambaye macho au moyo wake utamzuia kupewa leseni ya biashara.

Leseni yako haikuruhusu kurusha ndege iliyosajiliwa Afrika Kusini mpaka SACAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya huko, iithibitishe. Tuma maombi mapema, na usikate tiketi kabla ya kujua hatua zote kutoka kwa shule itakayokupokea.

Msimu nao uchague kwa makini. Katika nyanda za juu za Johannesburg, miezi ya Mei hadi Agosti ni mikavu na anga huwa wazi, ilhali kiangazi, kuanzia Oktoba hadi Machi, huleta mvua za radi alasiri ambazo hukubakizia asubuhi tu. Cape Town ni kinyume chake, kwani mvua yake hunyesha majira ya baridi. Uwanja wa Rand, Germiston, uko takriban futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na uwanja wa Wilson, kwa hiyo aliyejifunzia Nairobi hatashangaa ndege ikichelewa kuacha ardhi siku ya joto. Aliyetoka Dar es Salaam afanye hesabu zake za kupaa upya kabisa. Safari ya Rand, Bloemfontein, Kimberley na kurudi inavuka kilomita 540 kwa mbali.

Kwenye bei, uliza kama mafuta yamo, kama saa huhesabiwa tangu injini inapowashwa, ada za kutua analipa nani, na ndege ikiharibika utachangia kiasi gani kabla ya bima kulipa. Lipa kwa mafungu ya saa 10 au 20; punguzo la kulipia zote mapema halina thamani shule ikifunga milango. Kwa maoni yangu saa nne kwa siku zinatosha, kwani ya tano huandikwa na rubani aliyechoka. Ongeza wiki moja kwa ajili ya hali ya hewa na matengenezo.

Kabla ya kuondoka, shule igonge muhuri kila ukurasa wa logibuku, nawe uchukue nakala za stakabadhi na za kumbukumbu za ndege zenye namba zake za usajili, kwa sababu mkaguzi wa nyumbani anaweza kuzilinganisha mstari kwa mstari.