Unataka kujifunza kupiga mbizi na mtungi wa hewa? Chagua kisiwa kwanza

Wadau wa Tanga wananiuliza sana, eti Pemba si hapo ng'ambo tu, kwa nini nisianzie huko? Sikia, Pemba ni kuzuri mno ila mkondo wake, ile bahari kati yake na bara, una kina kirefu na maji yanakimbia, mgeni wa mtungi utahangaika bure, nenda kwanza ukajifunzie Unguja upande wa Nungwi ama Mnemba, au Mafia kwenye ghuba ya Chole, af Pemba utarudi ukishaiva.

La pili ni msimu, na hapa watu wengi ndo wanaumia. Kusi likivuma bahari inachafuka, boti inarushwa, unatapika kabla hata hujavaa miwani, kwa hiyo subiri kaskazi, Desemba hadi Machi mwanzoni hivi, masika hayajaanza. Tena muulize mzee yeyote wa Deep Sea, soko la samaki pale Tanga, atakwambia maji mafu lini, yaani siku ambazo maji hayajai wala hayatoki sana, maana siku za bamvua mkondo unakuwa mkali, ukipanga kozi yako kwenye maji mafu unajifunza kwa raha.

Kozi ya mwanzo ni siku 3 au 4 na mwisho wa kina ni mita 18. Uliza instrakta anachukua wanafunzi wangapi kwa mkupuo, wakizidi wanne mi naondoka. Pumu usiifiche, kamuone daktari kwanza. Na kama unarudi kwa ndege, kaa masaa 18 tangu mbizi ya mwisho, boti haina shida.