Somo: Kulala kwenye bembea Lushoto bila mgongo kuganda

Wakuu, kila kipupwe kikiingia napokea ujumbe uleule: "Nimelala Magamba kwenye bembea na blanketi mbili, mbona nimetetemeka mpaka alfajiri?" Naandika mara moja, kwa bembea ya kitambaa inayofungwa kati ya miti miwili. Kuanzia leo anayeuliza namtumia hapa.

Ulijifunika juu, baridi ikakupitia chini. Blanketi halina joto lake lenyewe, linashika hewa isitembee, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto la mwili. Ukililalia unaifinya yote, mgongoni unabaki na kitambaa na upepo. Tanga mjini hutaligundua hilo. Lakini joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na Lushoto mjini ni takriban mita 1,400. Magamba ni juu zaidi, tena kuna ukungu.

1. Kibali. Magamba ni hifadhi ya msitu wa mazingira asilia chini ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Lipa, uliza unaruhusiwa kulala wapi.

2. Funga bembea kwa mikanda mipana, kamba nyembamba inachubua mti. Iache ilegee, mikanda ishuke kama nyuzi 30, ulale mshazari.

3. Shusha turubai upande unaotoka upepo. Hakuna gramu inayoongezeka, lakini watu wanaruka hatua hii na kukimbilia dukani.

4. Anza na mkeka wa povu, ule mgumu wa mazoezi usionyonya maji. Sponji ya godoro hapana, ikilowa umebeba ndoo. Mkeka ni mwepesi, rahisi, na mvua haiuharibu. Ubaya wake unateleza usiku na mabega yanabaki nje. Kata kipande kingine ukilaze kwa upana mabegani. Kwa wanaolala usiku mmoja kwa mwaka, ishieni hapa, msitupe hela.

5. Anayepanda mara kwa mara atafute blanketi la chini, linaloning'inia NJE ya bembea ili usililalie. Ya dukani ni ghali. Nenda kwa fundi cherehani na kitambaa cha parashuti na faiba ya duveti. Sentimita 130 kwa 110 zinakutosha kuanzia mabegani hadi chini ya magoti. Miguu iwekee kipande cha mkeka. Faiba ya gramu 200 kwa mita ya mraba itakuwa karibu gramu 290, na kitambaa pande mbili kikiwa chembamba jumla haivuki nusu kilo sana. Blanketi nzito la mitumba linaizidi hiyo mara kadhaa na bado mgongo unaganda. Mwambie fundi apige mistari michache ya kushikilia faiba. Akiijaza mistari kama koti la mlinzi, kila mshono ni mahali ambapo faiba imebanwa na baridi inapita. Pindo zote nne ziwe na njia ya kamba.

6. Kulining'iniza. Hapa ndipo wengi hulala macho, na mimi nimo. Likilegea, panabaki mfuko wa hewa kati ya blanketi na bembea, na kila ukijigeuza hewa ya moto inatoka, ya baridi inaingia. Ukilikaza, faiba inalala bapa na umerudi kulekule kwenye blanketi la kulalia. Kwa hiyo tumia kamba za mpira kwenye ncha, ili lipande na kushuka nawe. Ingia ulale vile utakavyolala, mwenzako apitishe kiganja kati ya vitambaa viwili, toka mabegani mpaka magotini. Kiganja kiguse pande zote mbili bila kubanwa. Kisha vuta kamba za pindo za kichwani na miguuni mpaka midomo ya blanketi ifumbe. Fanya haya jua lingalipo! Usiku ukiwa peke yako na tochi mdomoni hutapata kitu. Tena nailoni hulegea ikipata unyevu, kwa hiyo kagua upya kabla ya kulala. Na tafadhali, hakuna kufunga plastiki chini. Jasho litagandia humo na utaamka umelowa.

MASWALI

Kijana wa Makorora: Mkuu, si nibebe blanketi tatu tu?
— Soma aya ya pili.

Kijana wa Makorora: Nimesoma. Na nikiwasha moto chini ya bembea?
— Ndani ya hifadhi? Chini ya nailoni? Hapana.

Mzee wa Raskazone: Mnajisumbua, Tanga joto hili blanketi la nini.
— Shehe wangu, kichwa kinasema Lushoto. Ukilala Pangani ufukweni mkeka wa povu peke yake unatosha.

Bi Mkarafuu: Kaka, nimepata mitumba begi la kulalia la manyoya ya bata, jepesi ajabu. Nilifumue nitengenezee blanketi la chini au ni hasara?
— Dada, swali zuri. Kwa joto ukilinganisha na uzito, hakuna kinachoyashinda manyoya, na yanajikunja yakawa kidogo. Tatizo ni maji, yakilowa yanashikana madonge na joto linakwisha. Kule Amani, Usambara Mashariki, kwa unyevu ule ningeenda na faiba, inabaki na uhai hata ikiwa mbichi. Ila usilifumue, manyoya yatajaa nyumba nzima. Kama zipu inafunguka mpaka chini, lifungue litandazike, shonea vitanzi pembeni, lining'inize hivyohivyo. Baada ya safari lianike kivulini siku nzima, usilihifadhi likiwa limekunjwa.

Dereva Mombo: Ile ya kung'aa ya kuzuia jua kwenye kioo cha gari je? Ninayo bure.
— Inarudisha joto pale tu penye nafasi ya hewa mbele yake. Ukiilalia, kinachokusaidia ni povu lake jembamba. Iweke kati ya bembea na blanketi la chini, ila tazama jasho.

Bi Mkarafuu: Nimejaribu vitanzi uani, vimekaa! Na mbu wa huku chini wanaong'ata kupitia kitambaa?
— Umenikumbusha. Blanketi la chini linawazuia pia, kwa mgongoni. Pwani, ukiona ni joto, weka shuka nyepesi mahali pake, ikae mbali na bembea kiasi ambacho mdomo wa mbu haufiki.

Dereva Mombo: Mvua ikinyesha maji yanashuka na mkanda mpaka kitandani.
— Funga kipande cha uzi kwenye mkanda, chini ya turubai, kining'inie. Maji yatafuata uzi. Utambi wa jiko la mafuta unafaa zaidi, unanyonya.