Kubadilisha prosesa ya AM4 bila kukesha

Jumamosi nilimbadilishia mdogo wangu prosesa: ikatoka Ryzen 3 1200 ya mwaka 2017, ikaingia Ryzen 5 5600, ubao mama uleule wa B450. Zote ni prosesa za AMD zinazokaa kwenye soketi (tundu la prosesa) ya AM4.

Hatua ya 1: sasisha BIOS (programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha mashine) prosesa ya zamani ikiwa bado mahali pake. Hapa ndipo nilipokesha kwenye mashine yangu mwenyewe. Niliifunga 5600 moja kwa moja. Feni zikazunguka, skrini nyeusi tii. Nikachomoa ramu, nikabadilisha nyaya, nikaazima pawasaplai, kumbe ubao hauijui prosesa yenyewe. 5600 ilitoka Aprili 2022. BIOS ya zamani huenda haina habari zake. Soma jina kamili la ubao pamoja na toleo lililochapwa ukingoni, ingia tovuti ya mtengenezaji, utafute namba ya BIOS inayotakiwa. Maelezo yasome hadi mwisho, maana baadhi ya mbao hudai upitie kwanza toleo la kati. Faili iweke kwenye flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, usasishe ukiwa ndani ya BIOS. Programu za kusasishia kupitia Windows sizitaki kabisa: Windows ikiganda katikati, ubao unaweza kufa. Umeme ukikatika ni yaleyale, kwa hiyo tumia UPS (betri ya akiba). Kama diski ina BitLocker (kufuli ya siri ya Windows), nakili ufunguo wake kwanza.

Hatua ya 2: washa mashine dakika 10 ili pesti iliyo kati ya prosesa na kipoza ipate joto, zima, chomoa waya. Zungusha kipoza kushoto kulia ndipo ukiinue. Ukikivuta tu, prosesa hung'oka nacho hata wenzo wa soketi ukiwa umefungwa, na chini yake kuna pini 1,331. Iliyopinda inyooshe kwa ncha ya penseli ya kubonyeza iliyotolewa risasi.

Hatua ya 3: pembetatu ya prosesa mpya iwe kwenye pembetatu ya soketi. Inazama yenyewe, usiikandamize.

Hatua ya 4: kuongeza kasi. Enzi za Celeron 300A, prosesa ya Intel, tulipandisha kasi ya njia ya data (bus) kutoka 66 hadi 100 MHz, prosesa ya MHz 300 ikawa 450. Kwa 5600 achana na kizidishi cha kudumu, yaani kuifunga kwenye kasi moja. Unaweza kuipoteza ile 4.4 GHz inayoifikia yenyewe kazi zikiwa nyepesi. Ndani ya BIOS washa PBO (inayoiacha prosesa ijiongezee kasi yenyewe), weka Curve Optimizer (kirekebishi cha volti) hasi 10 kwa viini vyote. Jaribio la mzigo mzito halitoshi: hitilafu nyingi hutokea mashine ikiwa imetulia, volti zimeshuka. Iache ikiwa imewashwa usiku kucha bila kazi. Ikijizima na kuwaka upya, rudi hasi 5.