Somo: Kupasha boudin iliyogandishwa na kukaanga soseji ya moshi

Kabla hujawasha jiko, soma maandishi ya pakiti. Boksi la nyama kutoka Louisiana, jimbo la kusini mwa Marekani, mara nyingi lina soseji za aina mbili, nazo hazipikwi kwa njia moja. Boudin, soseji laini ya nyama ya nguruwe na wali, imeshapikwa kabla ya kujazwa kwenye utumbo. Kazi yako ni kuipasha moto taratibu hadi katikati. Soseji ya moshi inataka kikaango, mafuta yake yenyewe na rangi ya kahawia. Ukizitupa zote mbili kwenye sufuria moja ya maji yanayochemka, boudin inapasuka na wali wake unamwagika, na ile ya moshi inapauka na kupoteza utamu wake majini.

Boudin ni chakula cha Wakajuni, watu wa kusini mwa Louisiana. Mababu zao walikuwa Waakadia waliozungumza Kifaransa, ambao Waingereza walianza kuwafukuza mwaka 1755 kutoka eneo ambalo leo ni Nova Scotia, Kanada. Huko Louisiana familia zilikuwa zikikutana msimu wa baridi kuchinja nguruwe, siku waliyoiita boucherie, na hakuna kilichotupwa. Nyama ya bega na maini vilichemshwa, vikasagwa, vikachanganywa na wali, vitunguu, majani ya vitunguu na pilipili, kisha vikajazwa kwenye utumbo. Wali ulifanya nyama iwatoshe wote. Sisi tunaokaa Houston, Texas, tunaifuata kwa gari kupitia barabara ya I-10, hadi Scott, mji mdogo kando ya Lafayette uliopewa rasmi cheo cha makao makuu ya boudin duniani mwaka 2012. Inauzwa ya moto buchani na hata kwenye vituo vya mafuta, na watu wanaila papo hapo ndani ya gari. Ya kugandishwa ikipashwa vizuri inakaribia sana ile.

Hatua ya 1: Kuyeyusha

Itoe boudin friza usiku, uiweke kwenye friji hadi kesho yake. Usiiache juu ya meza ya jikoni. Hapa nasisitiza, kwa sababu wengi wanaiogopa nyama na kuusahau wali. Kuna bakteria wa wali ambao mbegu zao hazifi kwa kupikwa. Wali ukikaa kwenye uvuguvugu wanaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo haiondoki hata ukiuchemsha tena. Ukiwa na haraka, tumbukiza pakiti iliyofungwa vizuri kwenye maji baridi, ubadilishe maji kila nusu saa, kisha uipashe mara moja. Au ruka hatua hii kabisa: boudin inakubali kupashwa ikiwa bado barafu, mradi uiongezee muda.

Hatua ya 2: Boudin kwa mvuke

Hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa anayeanza. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka juu yake chujio la chuma au chungio la kupikia kwa mvuke, na maji yasiliguse. Panga boudin bila kuzibananisha. Funika, punguza moto. Iliyoyeyuka inahitaji dakika 12 hadi 15. Iliyoganda dakika 20 hadi 25. Usiitoboe kwa uma hata kidogo, na tumia koleo kuigeuza.

Muda ni makadirio, maana unene unatofautiana. Kinachoamua ni kipimajoto cha nyama: chomeka kupitia ncha, katikati isome nyuzi 165 za Farenhaiti, yaani 74 za Selsiasi. Ikishafika, iache itulie dakika tano. Ukiikata mara tu inapotoka motoni, inamwagika.

Kama huna chungio, tumia maji ya moto yaliyo chini ya kuchemka, yale yanayotoa mvuke na kutikisika tu. Yakianza kububujika, punguza moto.

Hatua ya 3: Ukitaka ganda likauke

Ganda la boudin ya mvuke ni gumu kutafuna, na wenyeji wengi hawalili. Ukitaka kula yote pamoja na ganda, tumia oveni: nyuzi 350 za Farenhaiti (kama 175 za Selsiasi), ipake mafuta kidogo, dakika 25 hivi, igeuze mara moja. Kwenye jiko la mkaa iweke pembeni, moto usiwe chini yake moja kwa moja, halafu dakika mbili za mwisho isogeze motoni ipate rangi.

Hatua ya 4: Soseji ya moshi

Rudi kwenye pakiti. Nyingi zimeshaiva, lakini zipo zilizopitishwa moshi tu na bado ni mbichi; hizo lazima zifike nyuzi 160 (71 za Selsiasi) katikati. Rangi ya moshi inadanganya, usiitegemee.

Weka soseji nzima kwenye kikaango pamoja na maji robo kikombe. Funika, moto wa wastani. Maji yanaipasha hadi ndani na kuyayeyusha mafuta yake. Yakikauka, ondoa mfuniko uendelee kuigeuza kwenye mafuta hayo hadi iwe kahawia pande zote. Huhitaji mafuta ya chupa. Ikate vipande vya mshazari baada ya kuiva.

Na yale mafuta yaliyobaki usiyamwage! Kaangia kitunguu, pilipili hoho na seleri, kisha mimina maharage mekundu uliyochemsha, acha yatokote hadi mchuzi uwe mzito, rudisha vipande vya soseji, pakua juu ya wali. New Orleans wanakula hivyo Jumatatu, kwa desturi ya tangu zamani. Sisi tuliolelewa kwa wali maharage hatuhitaji kufundishwa zaidi.

Kuandaa mezani

Boudin kata ncha moja, minya kilichomo kinywani au juu ya krakas za chumvi (biskuti kavu nyembamba), pamoja na mastadi ya punje. Wengine wanaimwagia shira ya miwa, na ule utamu unapatana na pilipili kuliko unavyodhani. Mimi pembeni naweka kachumbari yenye ndimu nyingi, kwa sababu mafuta ya nguruwe yanadai kitu kikali.

MASWALI YA WANACHAMA

Dada, hii si ni mutura tu? Ama kuna tofauti?

Ndugu yangu, zinakutana kwenye utumbo uliojazwa na kwenye kuliwa barabarani. Mutura huchomwa mkaani na wengi huitia damu. Boudin ya pakiti haina damu, ina wali mwingi, na ndani ni laini. Ya damu ipo, boudin rouge, ila siku hizi ni adimu.

Kazini nina maikrowevu peke yake. Nitaweza?

Utaweza. Ifunge kwenye karatasi ya jikoni iliyoloweshwa, tumia nusu ya nguvu, dakika moja moja, ukiigeuza kila mara. Ganda litakuwa gumu, minya ule cha ndani.

Assalam alaykum. Sisi hatuli nguruwe. Nimeona boudin ya kuku na ya kamba, je, hizo?

Waalaykum salaam, dada. Soma viungo hadi mwisho. Mara nyingi hata ya kamba imejazwa kwenye utumbo wa nguruwe, na nyingine zimechanganywa na nyama yake. Soseji ya ng'ombe nayo angalia ganda na alama ya halali. Njia ya uhakika ni kutengeneza mwenyewe: chemsha mapaja na maini ya kuku halali pamoja na kitunguu, saga, changanya na wali, majani ya vitunguu, pilipili ya unga na supu kidogo, halafu jaza ndani ya pilipili hoho uoke. Utumbo si lazima.

Baba yangu ana presha. Nifanyeje na chumvi?

Soseji ya moshi ina chumvi nyingi na huwezi kuitoa. Mpe vipande vichache ndani ya maharage, na maharage hayo usiyatie chumvi kabisa. Kama daktari amempa kiwango, fuata kile.

Ikibaki, naigandisha tena?

Iliyoyeyukia kwenye friji na hujaipasha, unaweza, ila wali utalegea. Iliyokwisha kupashwa iweke friji ndani ya saa mbili na uimalize kwa siku tatu au nne. Mimi naikamua ikiwa baridi, naviringa matonge madogo, nachovya kwenye yai, kisha chenga za mkate, nakaanga kwenye mafuta mengi ya nyuzi 350 hadi yawe ya dhahabu na ya moto hadi katikati. Watoto wanayagombania kuliko boudin yenyewe.